Maboya Yaliyofifia

Basi, Mama Fundo aliingia ofisi ya bandari roho juu. Boti ya abiria ilikuwa imepita juu ya wavu wake ikauchana, na wavu ule ndio uliolisha nyumba nzima. Ila alijijua: rangi ya maboya yanayoonyesha wavu ulipo ilikuwa imefifia, na kama nahodha hakuweza kuyaona, basi hana kosa.

"Nahodha, maboya uliyaona?" afisa akauliza.

Mama akafumba macho. Bwana yule akisema hakuyaona, anaondoka na leseni yake mfukoni.

"Niliyaona, mzee. Nilikuwa na haraka, nikasema nitapenya tu. Kosa langu."

Mama akamkodolea macho kama aliyeona samaki akipanda mti. Lo, mwanamume huyo!

Leseni ikazuiwa, na nahodha akaamriwa autengeneze wavu. Kesho yake nahodha akapiga hodi, sindano ya nyavu mkononi, akaketi chini kushona.

Jioni Mama akalivuta fundo moja kwa nguvu zake zote. Halikuachia.

"Haya, mwanangu. Marehemu mume wangu mwenyewe hakunishika kama fundo hili linavyoshika! Njoo ule, halafu tuyapake rangi yale maboya."