Biharusi na Wigo wa Mwenyekiti

Mama Pacha alikuwa akikamua, paji la uso kaliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, ndoo kaibana kwa magoti isije ikapigwa teke. Asubuhi hiyo ubavu ulikuwa mgumu. Aliugonga kwa kidole, ukalia kama mtungi. Akamaliza kukamua, akayachuja maziwa kwa kitambaa, akayapeleka kwenye kituo cha chama cha wafugaji. Karani aliyapima, akasema ni mazito, mazuri, hongera mama.

Ng'ombe aliitwa Biharusi kwa sababu ya mwendo wake. Tangu akiwa mtamba alitembea taratibu, kichwa chini, kama mtu asiyetaka kufika anakopelekwa. Ndiyo maana alipoanza kuchechemea hakuna aliyegundua. Na alipoanza kula huku kapiga magoti ya mbele, majirani walisema ng'ombe wa Mama Pacha amekuwa mcha Mungu kuliko mwenyewe. Mama Pacha naye akacheka. Mtu akishamzika mume, na pacha wake wote wawili wakaenda kutafuta maisha huko mbali, wakawa wanapiga simu wakiugua tu, hujifunza kucheka pamoja na watu. Ni rahisi kuliko kueleza.

Lakini Biharusi alikonda, mgongo ukapinda, na nyumbani kulikuwa na ndama bado ananyonya. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume, ndivyo wasemavyo. Huyu alizaa, tena jike, na Mama Pacha hakuwa na mpango mwingine wa uzee ila huyo ndama. Akamwita daktari wa mifugo.

Daktari alifika na vumbi la vijiji vingine kwenye viatu. Alisikiliza moyo wa ng'ombe, ukawa unagonga kama nyundo ya mwashi. Akauliza anakula nini siku hizi. Mama Pacha akamwonyesha wigo.

Wigo huo ulizunguka malisho yote ya chama. Mwenyekiti wa chama, ambaye ni mdogo wa marehemu mume wa Mama Pacha, aliupanda mwaka ule walipotarajiwa wageni wakubwa na malisho yalikuwa makavu hadi aibu. Alileta miche ya kichaka chenye maua meupe na vitunda vyeusi, kisichojua ukame ni nini. Wageni walikuja, wakapiga picha mbele yake, wakaondoka. Nyasi zilipokwisha, ng'ombe wakauhamia wigo. Ng'ombe wa Mwenyekiti hawakuula. Wao walikaa bandani kwake, wakaletewa majani kwa gari.

Daktari alieleza bila haraka, maana alikuwa ameshaeleza hivyo kwingine. Ndani ya majani yale mna kitu kinachouamrisha mwili ufyonze chokaa kutoka kwenye chakula, na mwili hutii. Ukizidiwa, hauna pa kuitupa, basi unaipaka kwenye mishipa, kwenye mapafu, kwenye moyo. Dawa hakuna.

"Huyu mkubwa ameshakwisha, mama," alisema. "Kateni wigo, mumwokoe mtoto."

Mama Pacha alimfuata shemeji yake siku hiyo hiyo. Mwenyekiti alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akaagiza chai, akauliza habari za pacha. Kuhusu wigo alisikitika sana. "Lakini shemeji," alisema, "wigo si wangu wala si wako. Uliletwa na kikao, utaondolewa na kikao." Kikao kitakuwa lini? Wanachama wakitimia. Mama Pacha alimaliza chai yake akaenda zake, miguu mizito kama ya Biharusi.

Ng'ombe akamaliza kugeuka jiwe kabla wanachama hawajatimia. Alianzia ndani, akaja nje, masikio yakawa ya mwisho. Alikuwa kapiga magoti kando ya wigo, jani mdomoni. Mama Pacha alimngoja ainuke, na alipoona hainuki akaenda kuleta ndoo, kwa kuwa saa ya kukamua ilikuwa imefika. Chuchu zilikuwa baridi na ngumu, ila maziwa yalitoka, na yalikuwa ya moto. Jua lilipopungua Biharusi alimwita ndama wake kama kawaida yake. Sauti ilikuwa ile ile, nzito kidogo tu.

Wengine wakafuata. Ng'ombe wa fundi baiskeli aligeuka akiwa amesimama, wa mjumbe akiwa amelala. Wenyewe waliwalilia, maana ng'ombe ni ng'ombe, kisha wakaenda kuleta ndoo zao. Karani aliyapokea maziwa yote. Kipimo chake kilipima maziwa, hakikupima ng'ombe.

Kikao kilifanyika hapo hapo malishoni. Mabenchi hayakutosha, wanachama wakakalia ng'ombe. Daktari alisema tena yote aliyoyasema, akaomba wigo ung'olewe na mizizi yake, kisha akatazama saa, kwani alikuwa na wigo mwingine wa kwenda kuuona mbele ya safari. Mwenyekiti alimshukuru kwa elimu. Halafu akawauliza wenzake, kwa upole, ng'ombe wa jiwe anakula nini? Hali kitu. Ana kupe? Hana. Mwizi atamswaga? Hawezi. Na maziwa je? Yanatoka, watu wakajibu. Walikuwa wamechoka, wengi wao walikuwa wametembea tangu alfajiri kutafuta majani na kurudi na kimzigo kisichojaza hata kwapa.

Mama Pacha alisimama. Hakuwa msemaji.

"Mimi nina ndama," alisema. "Yule mama yake nimeshamkatia tamaa. Naomba wigo ukatwe, huyu mdogo asiukute. Nataka akue, atembee, azae. Basi."

"Akiukuta utakuwa na wawili wasiokula, mama," fundi baiskeli alimjibu, wala hakusema kwa ubaya. Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akasema penye wengi hapaharibiki neno, mikono ikainuliwa, na wigo ukaongezewa miche hadi bondeni.

Tangu hapo Mama Pacha alimfunga ndama nyumbani. Alimpelekea maziwa ya mama yake kwenye ndoo, na alipoanza kutafuna akamtafutia nyasi, kwanza kando ya barabara, kisha kando ya mto, kisha ng'ambo ya mto. Mikono ilipasuka. Mgongo ulimwuma mpaka akawa analala ameketi. Hakulalamika kwa mtu, ila alipokuwa peke yake alilia kwa hasira, akimtaja shemeji yake kwa jina. Ndama naye alikonda. Kila jioni Biharusi aliita kutoka malishoni, na ndama akaitika, akaivuta kamba.

Kisha nyasi za ng'ambo nazo zikaisha. Mama Pacha alirudi na mundu mtupu, akaikuta kamba imekatika. Hakukimbia. Alijua pa kwenda.

Alimkuta ndama amesimama kando ya mama yake wa jiwe, shingo kaivuta kwenye wigo, anatafuna majani na maua kwa pupa, mate yakimtiririka. Mbavu zake zilihesabika. Mama Pacha alimshika shingo kumvuta, ndama akamgeukia, akamlamba mkono kutafuta chumvi, akarudi kula. Akamvuta tena. Ndama akajikaza, akalia, na kilio chake kilikuwa cha njaa, si cha ubishi.

Mama Pacha alimwachia. Majani ya chini yalipomalizika ndama alinyoosha shingo kuyatafuta ya juu, hakuyafikia. Mama Pacha aliweka mundu chini, akainua mkono, akaliinamisha tawi, akalishikilia hapo mpaka mtoto akashiba.