Kinu cha Watu wa Rumonge

Mzee Mirindi alikuwa na mambo mawili ya kujivunia Sydney nzima: Kiingereza alichojifunza uzeeni kwenye madarasa ya jioni, na kinu alichokichonga mwenyewe kwa shina la mkaratusi lililoangushwa Penrith. La tatu, chama cha watu wa Rumonge, lilikuwa linamponyoka. Alikuwa anang'atuka, na kanuni aliyoitunga mwenyewe ilidai mwenyekiti awe mzaliwa wa Rumonge, kule kule Burundi. Wazaliwa walikuwa wamebaki wachache, na kila mmoja alishakataa. Mkutano ulikuwa alasiri ile. Asipopatikana mtu, chama kinavunjwa.

Asubuhi ukumbi wa Quakers Hill, ambao vyama viliutumia kwa zamu, ulikuwa wa Wajapani, chama cha watu wa Wakayama. Kinu chao cha jiwe kilikuwa kimepasuka, na mwenyekiti wao, Bibi Okuno, akaomba kuazima. Mzee akakipeleka, mjukuu wake Ikirezi akiendesha gari.

"Nitakaa nione," alisema. "Kinu changu hakiendi ugenini peke yake."

Wali wa kunata, wa kuponda keki zao za mchele, ukamiminwa kinuni ukifuka mvuke. Kijana akainua nyundo kubwa ya mbao. Bibi Okuno akapiga magoti, na kila nyundo ilipopanda, akatia mkono na kuugeuza wali kabla haijashuka.

"Mama, utapondwa vidole!" Mzee akapiga kelele.

"Bado ninavyo vyote. Njoo ujaribu."

"Vyangu navihitaji."

Watu wakacheka. Ikirezi hakungoja ruhusa, akaichukua ile nyundo. Mapigo yake yalitua sawasawa, maana alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya ukumbi huo tangu utotoni. Mzee akaona fahari, akaificha.

Kwenye chai akauliza, "Bibi, ulizaliwa kijiji gani cha Wakayama?"

"Nimezaliwa hapa hapa Sydney, Blacktown. Huko kwa babu nimekwenda mara mbili, na zote mbili nililowa mvua."

Mzee akaweka kikombe chini. "Na unaongoza watu wa Wakayama?"

Bibi Okuno akamwonyesha ukumbi: watoto wenye unga puani, wakwe wa Kizungu wakigombea nyundo. "Watu wa Wakayama ndio hawa. Sisi pia tulikuwa na kanuni kama yenu. Ikatufikisha watu watatu, mmoja kiziwi. Mikutano ilikuwa mifupi sana."

Mzee hakucheka. Alimtazama Ikirezi, mzaliwa wa Blacktown vilevile, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Ndiye aliyekuwa akiwapitia wazee majumbani kila mkutano. Ndiye aliyekaa na marehemu Bibiane, mmoja wa wazee hao, hospitalini hadi mwisho.

Alasiri watu wa Rumonge walipofika, Léocadie aliyesimamia mapishi akachungulia kinu kilichorudishwa nyuma ya ukumbi. "Nani kapaka gundi humu?"

"Ya Wakayama hiyo," Mzee akajibu. "Inashika vizuri."

Kisha akasimama mbele ya mkutano, koti limefungwa vifungo vyote. "Kanuni ya kuzaliwa Rumonge niliitunga mimi. Imefanya kazi yake, na leo naomba tuifute. Nampendekeza Ikirezi."

"Huyo hata soko la Rumonge hajaliona!" akaruka mzee Bigirimana.

"Na wewe, nani kakuleta hapa leo?"

Bigirimana akatazama viatu vyake. "Ikirezi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na mikono ikapanda hata ya Bigirimana mwenyewe.

Ikirezi akasimama. Kwa mara ya kwanza mkutanoni akasema Kiswahili, akitafuta kila neno. "Nakubali. Lakini Babu haendi kukaa nyumbani. Kazi iko."

Akatoka nje hadi kwenye kinu, wote wakimfuata. Léocadie alikuwa keshakijaza majani ya muhogo, na mengine yalikuwa yamepanda ukingoni. Ikirezi akashika mchi.

"Geuza, Babu."

Mzee Mirindi akautazama mchi, akautazama mkono wake. Akakunja mkono wa koti hadi kwenye kiwiko.

"Piga sawasawa, Mwenyekiti," akasema, akatia mkono kinuni.