Kifuniko cha Injini ya Spana

Mume wangu ana mke wa pili, naye ni wa alumini. Ni kifuniko cha juu cha injini ya gari, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwikoni hadi vidoleni, na analala kwenye meza yangu ya jikoni juu ya taulo lililokunjwa vizuri. Mimi sijawahi kukunjiwa taulo. Asubuhi mzee akishapiga mswaki huenda kwake moja kwa moja, anavuta kiti, anavaa miwani, na kazi inaanza: kusugua, kusuuza, kuinua kwenye mwanga wa dirisha, kuguna, kusugua tena. Chai niliyomwekea inapoa pale pembeni mpaka inafanya utando.

Kazi yenyewe naijua kwa kuitazama tu, maana mwenyewe haelezi. Anaanza na msasa mkali uliolowa maji ya sabuni, anasugua kwa urefu. Akichukua msasa laini zaidi anasugua kwa upana, kwa nini sijui. Misasa inazidi kuwa laini mpaka ule wa mwisho unaweza kumfutia mtoto pua. Hapo ndipo inakuja polishi, dawa nyeupe ya kwenye kopo, na vitambaa vya pamba alivyochana kutoka kwenye fulana zake. Anafuta, kitambaa kinatoka cheusi tii. Anakitupa kwenye beseni, anachukua kingine, nacho kinatoka cheusi.

Vitambaa hivyo nafua mimi. Nilifanya kazi ya udobi kwenye hospitali kubwa mpaka nikastaafu nikiwa msimamizi wa chumba cha kufulia. Zimepita mikononi mwangu shuka zenye kila kinachoweza kumtoka binadamu, na zote zilirudi wodini nyeupe. Kwa hiyo uchafu naujua, na dobi ana sheria moja: kitambaa kikitoka cheusi, ulichokifuta bado kichafu.

Gari lenyewe ni la mwanetu. Tulimpata huyo mmoja tu, na tulimpata tukiwa tumeshakata tamaa. Jina lake la kwenye cheti lilikuwa zuri, lakini alipokuwa anatambaa aliokota spana ya baba yake, akaing'ang'ania mdomoni hadi jino lake la kwanza likachomoza, na tangu hapo mtaa mzima ulimwita Spana. Mimi nikawa Mama Spana, mzee akawa Baba Spana. Alipokuwa mkubwa alinunua gari bovu ambalo mwenye nalo alishalichoka, akalipandisha juu ya matofali uani, akafungua injini. Kila jioni yeye na baba yake walikuwa pale wanabishana. Jambo pekee walilokubaliana ni kwamba kifuniko cha juu king'ae hadi mtu aweze kunyolea ndevu kama kwenye kioo. Halafu mtoto akapata homa. Homa ya siku chache, mtu mzima mwenye afya yake, tukamzika.

Tangu hapo mzee hajalitaja jina lake. Na kwa kuwa ndani ya jina langu mna jina la mtoto, na mimi hajaniita tena. Nimekuwa Hebu. "Hebu, chumvi iko wapi?" Siku nyingine ni Sikia. "Sikia, kuna mtu mlangoni." Nami kwa hasira nikaacha kumwita Baba Spana, tukabaki watu wawili wasio na majina ndani ya nyumba moja. Nilikuwa nalia bafuni, bomba nimelifungua. Nilitaka kitu kimoja tu kwa huyu mwanaume: akae mbele yangu tumzungumze mtoto wetu, hata kwa kumsema vibaya, maana ukaidi wake ungetutosha kwa mwaka mzima.

Wifi yangu, dada yake mzee, alipokuja kututazama nilimshtakia.

"Mwache, wifi," akasema. "Wenzake wakifiwa wanahamia baa. Wako amehamia jikoni. Unajua yuko wapi na amevaa nini."

Tulicheka. Alipoondoka nilirudi jikoni. Nikamuuliza mzee kama yuko karibu kumaliza.

"Bado kidogo," akasema.

Hiyo bado kidogo nimeishi nayo tangu mvua za mwaka jana. Nikajiambia kwamba siku akimaliza atanyanyua uso, na kwa kuwa jikoni hakuna mwingine, ataniona mimi. Basi kumaliza kwake kukawa shida yangu kuliko yake.

Siku moja alikwenda kliniki ya macho, kwa sababu yalikuwa yanamchuruzika machozi kila wakati na kila mtu alisema ni vumbi la msasa. Nikabaki nyumbani na mke mwenzangu. Nilimwinamia nikamtazama. Kwa kweli alikuwa anang'aa. Niliona meno yangu mle ndani pamoja na pengo. Nikachukua kitambaa safi, nikafuta mara moja. Cheusi. Nikachukua kingine. Cheusi. Nikasonya. Kumbe mzee wa watu anahangaika muda wote huu kwa sababu hajui kuloweka.

Chini ya sinki nilikuwa na kopo la kostiki, ile dawa kali ya kuzibulia mabomba. Kule kazini tulikuwa tunaitia kwenye maji ya moto kwa nguo zilizoshindikana. Nikavaa glavu, nikajaza beseni, nikapima dawa kwa jicho la mtu wa kazi, nikamlaza mwenzangu ndani taratibu. Maji yakaanza kuchemka bila moto. Povu likapanda, na mvuke wake ukanichoma puani. Nilifurahi kwa kweli. Nikafungua dirisha, nikaenda zangu uani kuanua nguo.

Niliporudi maji yalikuwa meusi. Nikamtoa, nikamsuuza, nikamwinua kwenye mwanga wa dirisha kama anavyofanya mzee. Hakukuwa na pengo langu wala meno yangu. Alikuwa kijivu kinachoelekea weusi, amefubaa kama sufuria iliyosahaulika motoni, na mwili wote umeingia vitundu vidogo vidogo. Nikasugua kwa sabuni. Nikasugua kwa siki. Nikasugua kwa unga wa kusafishia vyungu, nikazidi kuharibu. Nikakaa chini sakafuni.

Nilifikiria kumficha. Nilifikiria kuhamia kwa wifi. Mwishowe nilimrudisha juu ya taulo lake, nikakaa kwenye kiti cha pembeni, nikasubiri.

Mzee aliingia akipapasa ukuta. Kliniki walikuwa wamemtia dawa machoni na alikuwa anaona ukungu mtupu. Akatundika kofia, akaja mezani, akanyoosha mkono kumsalimia kipenzi chake. Dole gumba likapita juu ya kifuniko, likasimama, likarudi lilikotoka.

"Umetia nini?" akauliza.

"Kostiki."

Akakaa. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Kitambaa kilikuwa kinatoka cheusi," nikasema. "Nikaona bado kichafu. Nilitaka umalize."

"Ule weusi si uchafu. Ni alumini yenyewe inatoka. Hata ufute mpaka kiyama, kitambaa kitatoka cheusi."

"Sasa mimi ningejuaje? Uliniambia? Katika nyumba hii kuna mtu anayeniambia kitu?" Nilikuwa nimekusudia kuomba msamaha, lakini hasira ilitangulia na sikuweza kuizuia. "Chuma hiki unakishika asubuhi hadi jioni. Mimi unanipita hapa kama kabati. Yule mtoto nilimzaa mimi. Na mimi nimefiwa."

Mzee alilaza kiganja juu ya kifuniko.

"Kilishaisha zamani," akasema. "Kabla ya mvua. Nikifika mwisho narudi msasa mmoja nyuma. Nakikwaruza mwenyewe, halafu naanza tena."

"Kwa nini?"

"Nikimaliza itabidi nikifunge kwenye injini. Nikikifunga, gari litawaka." Akajifuta machozi, sijui yalikuwa ya dawa au yake mwenyewe. "Likiwaka nani ataliendesha?"

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Muda wote ule nilidhani amenitoroka na kumbe alikuwa amekwama palepale nilipokwama mimi, hatua chache tu kutoka bafuni.

Akainuka, akafungua droo kwa kupapasa, akatoa msasa mkali kuliko yote, akauchana vipande viwili. Nikainuka, akavuta kiti changu kikafika mezani.

"Kaa hapa," akasema. "Kazi hii imerudi mwanzo kabisa. Peke yangu siiwezi, na leo sioni."

Nikakaa. Tukaloweka misasa kwenye bakuli la maji ya sabuni, yeye akachukua kichwa cha kifuniko, mimi nikachukua mkia. Nilisugua kidobi, kwa mabega. Kijivu kikaanza kutoka, maji yakachafuka, na magoti yetu yakawa yanagongana chini ya meza kwa sababu meza ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja kukatia vitunguu. Mzee alikuwa amefumba macho. Alikuwa anasikiliza sauti ya mkono wangu.

Baada ya muda akanipa msasa wa pili, ulio laini kidogo. Nikaendelea kama nilivyoanza. Mara akanishika kifundo cha mkono.

"Hapana. Ukibadilisha msasa, badilisha na upande. Kata njia. Usipokata hutajua kama mikwaruzo ya zamani imekwisha."

Nikaacha kusugua. Hakuniachia mkono.

"Na Spana alikuwa hivyo hivyo," akasema. Akakohoa, akalirudia jina vizuri. "Spana alikuwa anasugua upande mmoja tu, kama trekta. Nilimpigia kelele mpaka koo likakauka. Kumbe alikurithi wewe, Mama Spana."

Nikaitika, ingawa tulikuwa tumekaa magoti kwa magoti. Halafu nikageuza msasa, nikaanza kukata njia, nikamuuliza mtoto alimjibu nini.