Kabari Mbili

"...utulinde tunaposhuka, uturudishe kwa familia zetu, katika jina la..."

Hapo Eliya akakwama. Wachimbaji kumi na mmoja waliouzunguka mdomo wa duara, shimo lao la mgodi, kofia mkononi, wakangoja. Onesmo alikwisha kujifunga kamba kiunoni, na ilionekana wazi kwamba ana hamu kubwa ya kushuka kuliko ya kuombewa.

Baridi ya asubuhi ndiyo iliyomfanya Eliya atumbukize mkono kwenye mfuko wa koti, na vidole vyake vikakuta kabari mbili za mninga. Alizichonga mwenyewe Ijumaa, azigongomee kwenye ncha za timba la mwisho, gogo linalozuia ukuta mita thelathini chini, pale handaki linapoanzia.

Akakumbuka yote. Ijumaa ile jua lilikuwa linakimbia, naye Msabato wa Kagongwa hakutaka lizame na Sabato ianze yeye yumo shimoni akiwa na matope hadi masikioni. Alilipigapiga timba kwa kiganja, likatulia, akajiambia atalimalizia Jumapili mapema. Jumamosi akaimba besi kanisani mpaka koo likamkauka. Usiku mvua ikanyesha mpaka alfajiri, na kabari zikasahaulika kwenye koti.

"Baba Asteria, malizia basi," alisema Ndaki, msimamizi wa zamu. "Mawe hayatajipandisha yenyewe."

Desturi ya duara hili ilikuwa hiyo: mpiga matimba ndiye anayeomba, na asiposema amina hakuna anayeshuka. Wakatoliki waliikubali, Waislamu wawili waliikubali, hata Ndaki aliyeamini mizimu ya babu zake tu. Anayejua hali ya magogo ndiye anayejua cha kumwomba Mungu.

Eliya aliogopa. Angeweza kusema mvua imemtia wasiwasi, ashuke kwanza akague. Wangemsifu kwa uangalifu wake! Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi, hauna hata chembe ya uchungu. Lakini alikuwa bado katikati ya sala, na Aliyekuwa akizungumza naye alikuwa bado anasikiliza.

"Onesmo, fungua kamba," alisema. "Timba la mwisho halina kabari. Niliwahi Sabato."

Hakuna aliyecheka. Mama Noela, mwenye duara, akasogea mbele taratibu, kanga yake ikiburura kwenye tope.

"Kwa hiyo Mungu wako alipata jioni yake," alisema, "na watu wangu wakaachiwa gogo linaloning'inia?"

"Ndiyo, mama."

"Siku nakuajiri nilikuambia nini?"

"Kazi ya Ijumaa iishe Ijumaa."

"Basi hapa kwangu huna Jumamosi tena."

Wote walijua maana yake. Eliya asingefanya kazi Sabato, kwa hiyo ajira yake ilikuwa imekwisha. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mama yule alikuwa amesema kweli tupu.

"Udongo umelowa," alisema. "Likiachwa hivyo, ukuta wote utakuja chini. Nashuka."

"Mayu, mkataze," Ndaki alimwambia Mama Noela. "Likimwangukia je?"

Mama Noela akampisha Eliya. Onesmo akajifungua kamba, akamfunga Eliya kwa mikono yake, akalivuta fundo mara mbili.

"Ukiona udongo unadondoka, tikisa kamba. Tutakuvuta hivyo hivyo, hata kama utachubuka."

Eliya akashuka, nyundo mkononi. Juu walisikia pigo la kwanza, la pili, la tatu. Kisha wakasikia udongo ukiporomoka, na baada ya hapo hawakusikia kitu.

Kamba haikutikisika. Mama Noela akaikamata pamoja na wanaume, akaibana kifuani.

"Baba Asteria!" aliita shimoni. "Baba Asteria!"

Kikohozi kilipanda kutoka chini. Baadaye kidogo nyundo ikaanza tena, polepole, kwenye ncha ya pili.

Jua lilikuwa limeshapanda na limeanza kuwachoma vichwa, lakini hakuna aliyevaa kofia. Amina ilikuwa bado haijasemwa.