Rivolva Kuukuu ya Verlene

Verlene Stubblefield, mpishi mstaafu wa shule huko Arkansas, aliingia dukani kutafuta bastola akiwa na dola mia tatu, basi. Muuzaji, Coy, alimpa moja mpya inayong'aa aijaribu kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya duka. Ikakwama mara mbili.

"Hii ina deko kama marehemu mume wangu," Verlene alisema. "Nipe inayofanya kazi."

Coy akamletea rivolva kuukuu, bastola ya risasi sita, mpini umechubuka. Risasi zote sita zilitoka bila kukwama, ila karatasi ya shabaha ya Verlene haikupata hata tundu. Akanywea.

Mara Dwight, mteja mwingine aliyekuwa akipiga shabaha pembeni yake kwa bastola ya dola elfu mbili, akapiga kelele. "Njooni muone! Zote katikati kabisa!"

"We Dwight, umepiga ngapi?" Coy akauliza.

"Tatu."

"Mbona karatasi yako ina matundu sita?"

Dwight akahesabu sita, kisha akaona tatu zake zimetoboa ukuta wa nyuma.

"Mimi nililenga ya kwangu, jamani," Verlene alikiri, akipangusa miwani.

"Basi mama, kanunue miwani," Coy akacheka. "Rivolva haina kosa."

Verlene akaichukua hiyo hiyo.