Recheli na Mvuke wa Tikiti Maji

Semina elekezi ya wanaoanza kuvuta sigara ya umeme ilifanyika Jumanne, wakati wa mapumziko ya saa nne asubuhi, nyuma ya karo za kufulia za shule moja ya bweni nje kidogo ya Tabora mjini. Washiriki walikuwa wavulana wachache wa kidato cha tatu, kila mmoja na kikombe chake cha uji. Mkufunzi alikuwa Majidi, mtoto wa mtaa wa Mtendeni, ambaye mjomba wake anauza chaja na makava ya simu. Kifaa kilikuja kwa makosa ndani ya boksi la chaja kutoka Dar es Salaam. Majidi hakukiiba. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikiokoa.

Alianza kwa kuwashukuru washiriki kwa kutenga muda wao.

"Hii ni betri," alisema. "Huku juu ni mdomo. Katikati pana kimiminika, na ndani yake pana waya unaopata moto. Hakuna kiberiti, hakuna majivu. Ukivuta, taa inawaka. Ukiacha, inazima. Swali?"

"Ina tumbaku?" aliuliza Limbu.

"Tumbaku iko wapi hapo? Umeona jani? Hii ni tikiti maji. Angalia ubavuni, hata picha ipo."

Washiriki walikizungusha kifaa mkononi, wakakinusa, hawakuona jani, wakaridhika. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima wa tumbaku, na mtu aliyekulia kwenye tumbaku hawezi kuamini kwamba inaweza kuwepo mahali bila kuonekana, bila kunuka na bila watu kugombana kuhusu daraja lake la ubora.

"Kosa la wanaoanza," Majidi aliendelea, "ni kuvuta kama mtu anayegombania soda. Vuta taratibu, kama unanusa pilau ya jirani. Tulia. Halafu toa kistaarabu."

Akavuta, akatulia, akatoa kistaarabu. Ndani ya mvuke alitoka mama mmoja wa nchi ya mbali, mwenye kapu mgongoni, asiyejua Kiswahili. Alichuma majani ambayo hayakuwepo, akapangusa jasho, akayeyuka.

"Hao wanakuja na mvuke," alisema Majidi. "Msiwajali. Hata dakika hawakai."

Hawakumjali. Shule hii imejengwa juu ya njia ya zamani ya misafara, na kila Alhamisi wakati wa michezo wapagazi waliokufa miaka mingi iliyopita hukatiza uwanja wa mpira wakielekea pwani, pembe mabegani. Refa hupuliza filimbi, wachezaji husimama, msafara hupita, mpira huendelea. Hakuna aliyewahi kuwauliza mizigo ile ni ya nani. Mama mmoja mwenye kapu hakuwa jambo la kumfanya mtu amwage uji.

Ikafika zamu ya Zablon. Zablon alitoka kijiji kimoja ng'ambo ya Sikonge, aliimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya Wamoraviani, na alikuwa hajawahi kuvunja sheria yoyote ya shule isipokuwa ile ya kulala na soksi. Alivuta kwa pupa, akakohoa, na kikohozi kilipotoka na mvuke, ndani yake alitoka mdogo wake, Recheli.

Recheli alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alivaa gauni la zamani la mama yao lililokatwa pindo, na alikuwa amekumbatia majani mabichi ya tumbaku yaliyomfika kidevuni. Majani yalikuwa na maji ya mvua, na gauni lilikuwa limelowa kifua chote. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, kaka," alisema.

"Marahaba," alijibu Zablon.

Limbu alisogeza kikombe chake ili asikanyagiwe.

Hapo ndipo Zablon aliposhtuka. Hakushtuka kwa sababu mdogo wake alikuwa ametoka mdomoni mwake. Alishtuka kwa sababu ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na mtoto wa darasa la tano alipaswa kuwa darasani. Mwezi wa kwanza Zablon alikuwa amegoma kurudi shule mpaka Recheli naye asome. Baba yao, Mzee Justus, alimwapia kwamba binti angepelekwa Nzega kwa shangazi Magreth, kwamba nafasi imepatikana na sketi imeshonwa. Zablon alipanda basi kwa neno hilo.

"Recheli, uko wapi?"

"Shamba la bondeni. Tunachuma yale ya chini."

"Na Nzega?"

"Baba anasema mpaka tumalize." Recheli aligeuka pembeni, akatapika. Matapishi nayo yalikuwa mvuke, yakinukia tikiti maji. "Ni maji ya kwenye majani tu, kaka. Jua likiyakausha huwa napona."

Kisha akayeyuka, kuanzia miguuni. Mikono ndiyo iliyokawia.

"Ni wa kwenu?" aliuliza Majidi.

"Mdogo wangu."

"Mmefanana. Pole yake." Majidi akafuta mdomo wa kifaa kwa shati. "Anayefuata."

Jioni Zablon aliazima simu ya patroni akampigia baba yake. Mzee Justus alisema Recheli yuko Nzega, hajambo, na hesabu zinamkubali sana. Nyuma ya sauti ya baba, Recheli alisikika akiuliza karai liko wapi.

Usiku Zablon alipiga hesabu. Aliona kwamba akiwasimulia wakubwa, watasema anamsingizia mzazi. Lakini wakimwona Recheli kwa macho yao, na mikono ile, watafanya jambo. Hivyo ndivyo alivyoamini, na kwa umri wake hakuwa na sababu ya kuamini vinginevyo. Ijumaa kulikuwa na hafla ya kukabidhiwa madawati. Wakubwa wote wangekuwepo.

"Nikupe kifaa ukavute mbele ya mkuu wa shule?" aliuliza Majidi. "Una homa?"

"Nipe."

"Ukikamatwa, mimi hunijui."

"Majidi, tunalala kitanda kimoja. Wewe juu, mimi chini."

"Basi unanijua kwa mbali."

Madawati yalitolewa na kampuni moja inayonunua tumbaku, na mgeni rasmi alikuwa bwana wa kampuni hiyo, mwenye suti ya kijivu na tabasamu la kazini. Madawati yalipangwa uwanjani, yakinuka vanishi. Mkuu wa shule, Madamu Apolinaria, alisoma risala. Kwaya ikasimama kuimba. Baada ya ubeti wa pili Zablon alitoka mstari wa mbele, akatoa kifaa mfukoni, akavuta mara tatu bila kupumzika na kuachia mvuke wote kwa pamoja.

Recheli alitokea katikati ya madawati, na majani yake.

Uwanja mzima ulishtuka. Madamu Apolinaria alishtuka mpaka risala ikamdondoka. Mwalimu Adriano, anayefundisha historia na kusimamia nidhamu, alishtuka kwa sababu alikuwa amepekua mabweni yote Jumatano na kutangaza kuwa ni safi. Matroni alishtuka kwa sababu harufu ile alikuwa akiisikia wiki nzima na kudhani ni sabuni. Lakini aliyeshtuka kuliko wote alikuwa mgeni rasmi.

"Kijana," aliuliza, "kwenu wapi?"

"Sikonge, shikamoo."

"Wazazi wanalima nini?"

"Tumbaku."

"Mtoto wa mkulima wa tumbaku," alisema mgeni rasmi polepole, "unavuta tikiti maji?"

Akaketi, akaomba maji ya kunywa.

"Madamu, huyu ni mdogo wangu," alisema Zablon, akionyesha kwa kidole. "Leo ni siku ya shule. Yuko shambani. Mwangalieni mikono."

"Tunamwona," alijibu Madamu Apolinaria. "Usibadilishe mada."

Mgeni rasmi alipopata nguvu alisogea kwa Recheli, akachomoa jani moja kutoka kwenye mzigo wake, akalipima unene kwa vidole. "Jani zuri hili," alisema. Recheli akasema asante.

Mpiga picha, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitafuta mtoto mdogo wa kukaa kwenye dawati, aliona bahati imemwangukia. Akamwomba aweke mzigo chini akae. Recheli akakaa. Alipitisha kiganja juu ya ubao wa dawati, kwenda na kurudi.

"Kaka," alisema, "ni laini."

"Mikono weka chini ya dawati, binti," alisema mpiga picha. "Na ucheke kidogo."

Recheli akacheka kidogo. Picha ilitoka nzuri sana, na sasa imetundikwa ukumbini. Alipoyeyuka aliacha unyevu kwenye dawati, na Limbu akatumwa kitambaa.

Jumatatu Mzee Justus aliitwa kwenye kikao cha nidhamu, ofisini kwa Mwalimu Adriano. Alifika na koti lake la kanisani. Madamu Apolinaria alieleza kosa, kisha akataka ushahidi uthibitishwe kuwa unafanya kazi, na Mwalimu Adriano, kwa ajili ya haki, akavuta. Recheli alitokea kati ya kabati na ramani ya Afrika, akifunga majani kwenye fito.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemaliza yale ya jana?"

"Bado kidogo."

"Usilegee. Bani la kukaushia linapoa."

Kisha Mzee Justus akakigeukia kile kifaa kilichokuwa mezani, na uso ukamharibika. Hajavuta sigara maisha yake yote. Baba yake hakuvuta. Kanisani kwao mvutaji hapewi hata kazi ya kupanga viti. Aliangua kilio mbele ya walimu.

"Nimemlea katikati ya tumbaku," alisema, "na hakuwahi kuigusa kwa mdomo. Leo mwanangu ni mvuta moshi! Nitamwambia nini mchungaji?"

"Ni mvuke, mzee," alisema Mwalimu Adriano, kumtuliza.

"Baba," alisema Zablon, "ulisema Nzega."

"Nitampeleka."

"Lini?"

"Wewe uko huku. Mama yako mgongo umekataa. Nani achume?"

Recheli alivuta kamba kwa meno, akakaza fundo.

"Nitachuma mimi," alisema Zablon. "Nikienda mimi, yeye aende Nzega. Sema mbele ya walimu."

Mzee Justus alifuta macho kwa mkono wa koti. "Ukija wewe, yeye ataenda," alisema. "Mungu ananisikia."

Kikao kilifurahi kuona familia inaelewana. Zablon alisimamishwa masomo wiki tatu ili ajitafakari, na Madamu Apolinaria alimpongeza mzazi kwa ushirikiano. Zablon alifunga godoro lake siku hiyohiyo. Majidi alimsaidia kubeba sanduku la bati mpaka getini, kazi ambayo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Kwa hiyo umeshinda," alisema Majidi.

"Nadhani nimeshinda."

"Ukifika nivutie hewa safi, huku nimenyang'anywa kifaa."

Kifaa kilibaki kwenye droo ya Mwalimu Adriano kama ushahidi. Ushahidi usipokaguliwa huharibika, kwa hiyo mwalimu aliukagua mara mojamoja, mlango ukiwa umefungwa, na kuuchaji kwa umeme wa ofisi. Siku za mwanzo hakutokea mtu anayemfahamu. Kisha mvua kubwa zikaja, na wiki tatu zikapita, na kitanda cha chini ya Majidi kikabaki na chaga tupu.

Wiki ya nne, asubuhi, Mwalimu Adriano alikuwa akisahihisha majaribio ya kidato cha tatu kuhusu biashara ya misafara. Akavuta, akatoa taratibu. Kati ya kabati na ramani walitokea watoto wawili wamelowa, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Zablon alikuwa amekumbatia majani kifuani na alikuwa akitapika.

"Usiyakumbatie hivyo, kaka," Recheli alikuwa akimwambia. "Yashike kwenye vikonyo, yasikuguse ngozi. Hata mimi nilianza hivyohivyo."

"Shikamoo, mwalimu," alisema Zablon alipoinua kichwa.

"Marahaba. Wiki zako tatu zimekwisha."

"Najua, mwalimu. Baba anasema mpaka bani la mwisho."

"Na huyu? Si alikuwa anakwenda Nzega?"

"Baba alipoona mikono imeongezeka," alisema Zablon, "alichukua na shamba la jirani."

Mwalimu Adriano alitikisa kichwa, kama mtu anayesikitika. Alikuwa na mitihani mingi mbele yake, na matone ya maji kutoka kwenye majani yalikuwa yakianguka karibu na karatasi. Aliwaomba wasogee kidogo, wakasogea. Aliwauliza kama mama yao hajambo, wakasema mgongo bado. Darasa la jirani lilikuwa likiitikia kwa pamoja majina ya miji waliyopita wapagazi, na Recheli aliinua shingo kusikiliza. Midomo yake ilifuata mji mmoja mmoja.

Kengele ikagongwa. Mwalimu akafungua dirisha ili harufu itoke kabla mwenzake hajaingia, na watoto wakatoka nayo, wakipenya kati ya nondo za dirisha bila kuzigusa. Recheli, ambaye alikuwa mwepesi zaidi, alitangulia. Mwalimu akangoja mpaka wote wawili wamevuka paa la jiko, akafunga dirisha kwa sababu mvua ilikuwa inaanza, akachukua chaki.