Mto Usiolaliwa

Shangazi yangu analala kazini na hakuna wa kumfukuza, maana kiwanda ni chake.

Kiwanda, namkuzia tu. Ni chumba kimoja chenye cherehani, dirisha na sufi ya kujazia mito ya kulalia. Sufi inaelea humo mchana kutwa, polepole, kama mawingu yaliyopotea njia yakaingia ndani kuuliza. Mimi nashona foronya na kujaza. Yeye anafunga mdomo wa mto kwa mkono, kisha anaulalia. Kifudifudi, uso wote ndani, kama mtoto aliyesusa. Akiamka anatangaza mto umemwotesha nini, na wateja huchagua kwa ndoto.

"Huu una mvua juu ya bati. Huu una mtu anakuita kwa upole, ila humfikii."

Huo wa pili mjane wa jirani aliunyakua kabla haujapoa.

"Mto usiolaliwa ni mfuko," husema Shangazi. Mtaa mzima unamwita Mama Usingizi.

Ndipo kope zake zikaanza vituko. Kila asubuhi zilikuwa zimegandana kwa tongotongo, kingo nyekundu, zimevimba. Akawa anazisugua kwa upindo wa nguo uliojaa sufi, zikazidi kuwasha. Na ndoto zikaharibika.

"Huu una nini, Shangazi?"

"Mchanga."

"Na huu?"

"Mchanga."

"Basi tufungue duka la kokoto."

Hakucheka. Shangazi ambaye hucheka hata nikipiga chafya! Akapapasa tundu la sindano, akalikosa, akaiweka chini.

"Marehemu mama alianza hivihivi, akaishia gizani. Nitafutie mnunuzi wa cherehani, mwanangu."

Nikamwambia twende tukanunue vifungo, nikamfikisha kwa daktari wa macho. Daktari huyo alimmulika, akamgeuza kope taratibu kama anayefunua ukurasa.

"Jicho ni zima," akasema. "Inayoumwa ni kope. Hapa ukingoni pana vitundu vya mafuta, vimeziba, na vumbi na kusugua vinaongeza moto. Nawa mikono. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, funga macho, kiweke juu dakika chache. Kisha kanda kope polepole kuelekea kwenye nywele zake, upanguse ukingo kwa pamba safi, kila jicho na yake. Asubuhi na jioni. Hata ukipona, endelea. Ni kama kufagia, hakuna aliyefagia mara moja akamaliza. Macho yakiuma sana au kuona kukififia, rudi upesi. Na acha kulalia vumbi kifudifudi."

"Hapo kwenye kulala, daktari, umenizika."

Basi mito ikakaa bila kulaliwa. Mteja alipouliza huu una ndoto gani, nikajitia mwotaji: "Una ng'ombe." Akaurudisha mahali pake kwa adabu zote.

Jioni moja nilihamishia gunia la sufi uani, nikafagia, nikafungua dirisha. Nikachukua mto mpya, nikauzungushia shuka lililofuliwa, nikaleta bakuli la maji ya uvuguvugu.

"Dawa yako inataka ufunge macho, si ndiyo? Lala chali. Kichwa hapo."

"We mtoto una ujanja wa panya."

"Nimerithi kwa shangazi."

Nikamwekea kitambaa machoni. Mvuke ukapanda, mwembamba, ukachanganyika na mwanga wa jua linalozama, chumba kikawa kama kinapumua. Unyoya mmoja wa sufi uliobaki ulizunguka juu yake, ukasita, ukatoka dirishani kana kwamba umesikia agizo la daktari. Akalala. Sikujua kimya kinaweza kuwa laini hivyo.

Kitambaa kilipopoa nilimtikisa bega. Akakanda, akapangusa, akafumbua jicho moja, kisha la pili.

"Mchanga?" nikauliza, moyo juu.

"Mchanga." Akaupapasa mto. "Lakini umelowa. Kuna maji yanakuja."

Yalikuja polepole, mto baada ya mto: kwanza unyevu, kisha kijito, kisha mtu anafua huku anaimba. Kope nazo zikanywea, wekundu ukafifia. Asubuhi moja nilimkuta kakaa dirishani, uzi umeshapita kwenye sindano.

"Shangazi, mnunuzi wa cherehani kapatikana."

"Mwambie haiuzwi." Akainua foronya yangu, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu, kwa raha. "Na huu mshono umepinda. Kashona nani, kuku?"

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Nikaenda kupasha maji.